Anwani Imekodishwa, Lakini Mwenyewe Bado Yupo?

Orodha ya DHCP (huduma inayovigawia vifaa anwani za IP kwa muda maalumu) kwenye ruta haikuambii nani yupo mtandaoni. Inakuambia nani alipewa anwani na muda wake bado haujaisha. Simu nyingi zikitoka kwenye Wi-Fi haziagi. Ruta inaendelea kuishikilia anwani hadi muda ukatike. Kwa hiyo ukiona "bound" (yaani anwani imeshikiliwa) kwenye ruta ya MikroTik, usihesabu hiyo kuwa ni mteja aliyepo.

Anza na saa, kabla hujatuma chochote. Kifaa kilicho hai huomba kuongezewa muda wa anwani unapofika nusu. Kisipojibiwa, hujaribu tena kwenye asilimia 87.5 ya muda huo. Tuseme unatoa muda wa saa 12, yaani sekunde 43,200. Anwani iliyobakiza chini ya sekunde 21,600 ni ya kifaa ambacho hakikuomba kwa wakati: kimeondoka, kimezimwa au kimelala. Kwenye dnsmasq (programu ya DHCP ya Linux) fungua faili /var/lib/misc/dnsmasq.leases (kwa ruta za OpenWrt ni /tmp/dhcp.leases). Namba ya kwanza ya kila mstari ni wakati wa kuisha. Kwenye namba hiyo punguza jibu la amri `date +%s` (saa ya sasa kwa sekunde), utapata sekunde zilizobaki. Iliyobakiza zaidi ya nusu haithibitishi kitu, maana huenda mtu katoka dakika tano zilizopita.

Hao wenye zaidi ya nusu ndio wa kuwagongea mlango, na usigonge kwa pingi ya kawaida (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo). Kompyuta nyingi za Windows zimewekewa ulinzi usiojibu pingi, nawe utadhani hazipo. Tumia ARP, swali la "nani ana anwani hii?" ndani ya mtandao: kifaa kisipoijibu, hakiwezi kuwasiliana na wenzake, ndiyo maana ulinzi huo hauizuii.

Linux: `arping -c 3 -I br-lan 192.168.1.57`
MikroTik: `/ping 192.168.88.57 arp-ping=yes interface=bridge count=3`

Badilisha br-lan au bridge, ambayo ni jina la kiunganishi cha mtandao, liendane na lako. ARP haivuki ruta, hivyo amri itoke ndani ya mtandao uleule. Simu iliyolala huchelewa kujibu. Rudia baada ya dakika moja au mbili. Halafu kuna akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) zinazojibu ARP kwa niaba ya simu. Hapo uliza redio ya Wi-Fi yenyewe: `iw dev wlan0 station dump`, usome "inactive time", yaani muda ambao kifaa kimekaa kimya, kwa milisekunde.

Usifute anwani kwa pupa. Ukiifuta ilhali kifaa kipo, chenyewe hakijui, kinaendelea kuitumia, na seva ya DHCP inaweza kumpa mwingine. dnsmasq hujaribu pingi kabla ya kutoa anwani, lakini kile kifaa kisichojibu pingi kitapita bila kuonekana, na wawili watagongana.

Mgahawa wenye anwani 245 na muda wa saa 24 utamnyima mteja wa 246 hata kama viti vimebaki vitupu. Wageni wape muda wa saa 1, ofisi wa saa 8 hadi 12. Mabadiliko hayo hayawagusi waliokwisha kupewa: aliyepata saa 24 ataupokea muda mpya atakapoomba tena, takriban saa 12 tangu apewe.