Binti anayejiona hafai

Pole, dada yangu wa Masasi. Umeniandikia kwamba binti yako wa darasa la tatu anajiita mjinga kwa sababu ya matokeo ya mtihani; inauma. Usianze na mahubiri. Jioni mkiwa mnabangua korosho, msomee Mwanzo 1:27, kisha muulize: walioumbwa kwa mfano wa Mungu ni wale wanaoshika namba ya kwanza tu? Mwache ajibu mwenyewe. Siku nyingine fungueni Zaburi 139, mstari wa 13 na 14, aisome kwa sauti akitia jina lake humo. Na hiyo tabia uliyoitaja ya kumlinganisha na kaka yake, hata kwa utani, iache leo hii. Akienda kulala, mwombee kwa jina lake la ubatizo, asikie.