Ramani Kiganjani: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Kwenye ramani ya sensa, Marsabit ni pana ajabu lakini rangi yake imepauka. Ni kosa? (Mwanafunzi, Umoja)

Si kosa. Rangi hiyo inaonyesha idadi ya watu kwa kila kilomita mraba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, zaidi ya 6,000 kwa kilomita mraba. Marsabit walikuwa 459,785, kama 6 hivi. Lakini usidhani hao sita wametawanywa sawasawa kama mbegu shambani. Ramani ya kaunti hupaka rangi moja kila mahali, hata pasipo na mtu.

Fanya hivi kwenye ramani ya kompyuta. Weka tabaka la picha za setilaiti juu ya lile la watu, lififishe mpaka la chini lionekane, kisha panda kaskazini polepole kutoka Isiolo. Utaona kahawia, kahawia, kahawia tena, halafu ghafla doa la kijani. Huo ni Mlima Marsabit, uliozaliwa na volkano. Kimo chake hukamata ukungu, ukungu hulisha msitu, na mji umejibanza papo hapo. Washa tabaka la barabara: ile ya kwenda Moyale inapita mjini humo. Kwenye atlasi ya karatasi, hayo yote ungeyafunulia kurasa tatu au nne.

Shule yetu ina kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kayole)

Mwalimu, tafuta QGIS. Ni programu ya bure ya kuchora na kusoma ramani, na ukishaipakua pamoja na data huhitaji bando tena. Pakua penye waifai, beba kwenye flashi. Anza na mipaka ya kaunti 47 na jedwali la sensa, basi.

Chunga latitudo na longitudo zisibadilishane nafasi. Mimi nilizigeuza siku moja, shule zote za Dagoretti zikaibukia baharini, kusini mwa Hispania. Nilitafuta kosa kwenye programu hadi jioni. Nairobi ni longitudo 36.8 na latitudo -1.3, ile alama ya kutoa usiidharau, ndiyo inayotuweka kusini mwa ikweta.

Zamani Kibera ilikuwa kama pori tupu kwenye ramani. Nani aliijaza? (Baba Achieng, Kibera)

Vijana wa huko huko, mzee wangu. Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, walizunguka vichochoroni na vifaa vya GPS wakitia alama vituo vya maji, vyoo na zahanati, vyote vikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Setilaiti huona mabati tu. Haijui lipi ni kanisa na lipi duka la dawa. Njia za matatu nazo zilichorwa hivyo hivyo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari wakiwa na simu mkononi, ramani ya Digital Matatus ikatoka 2014.

Mbona simu inaniweka Moi Avenue nami nimesimama Tom Mboya? (Msomaji, Pipeline)

Maghorofa hayo. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia simu yako, nayo ikakosea hesabu ya umbali. Sogea penye uwazi, usubiri kidogo. Ukiwa na haraka, muulize makanga.