Jibu: Zhu Ting wa Rio na Zhu Ting wa Tokyo

Salaam ndugu. Umeuliza inakuwaje Zhu Ting, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mpira wa wavu katika Olimpiki ya Rio 2016, aonekane hana makali kule Tokyo, na kama huo ndio ulikuwa mwisho wake. Kabla ya kuhesabu pointi, kiangalie kwanza kifundo cha mkono wake wa kulia. Kwenye video za Tokyo utaona kimefungwa bandeji, na mshambuliaji wa pembeni ambaye mkono huo ndio silaha yake hawezi kuyaficha maumivu, hata awe na urefu wa sentimita 198. Timu yake ya taifa, China, ilipoteza mechi tatu za mwanzo na ikatolewa hatua ya makundi.

Mimi humfuatilia zaidi katika klabu, kwa kuwa ndiko alikokomaa: akiwa VakıfBank ya Istanbul alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2017 na 2018. Kumwita mchezaji aliyekwisha ni kumdhulumu, maana baada ya matibabu alirejea kupitia Scandicci ya Italia, akacheza Olimpiki ya Paris 2024, kisha mwaka 2025 akalibeba tena taji hilo la Ulaya akiwa na Conegliano, klabu nyingine ya Italia.