Muulize Anti: Kaunsili inailipa ejensi, mbona mimi sioni kitu?

Swali: Shikamoo Anti. Mi niko Leicester nafanya kazi ya kea, ile ya kuzunguka majumbani kwa wazee, huu mwaka wa tatu sasa. Juzi mtoto wa mzee mmoja ninayemhudumia kaniambia kaunsili (halmashauri ya hapa) inailipa ejensi yetu paundi 20 na kitu kwa saa kwa ajili ya babake, nikashangaa maana mimi napata 13. Natoka home saa 12 asubuhi narudi mchana nimechoka hoi afu mwisho wa mwezi hela haieleweki. Hivi hiyo hela inaishia wapi, na kwanini kaunsili isitulipe wenyewe? Viza yangu iko kwa huyo huyo mwajiri kwa hiyo naogopa kuuliza.
*Mbeba boksi, Leicester*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana na kazi.

Nianze na hela yenyewe. Huko England kaunsili ndo yenye jukumu la wazee na wagonjwa wasiojiweza, sheria ni Care Act ya 2014, na pesa inatoka sehemu tatu: ruzuku ya serikali kuu, council tax, ile kodi ya wakazi inayokusanywa na kaunsili, ambayo na wewe unalipa (tangu 2016 kaunsili zimeruhusiwa kuongeza asilimia kidogo juu yake kwa kazi hii tu), na mchango wa mzee mwenyewe kama anao uwezo. Mwenye akiba inayozidi paundi 23,250 anajilipia yote, ila akihudumiwa nyumbani kwake ile nyumba haihesabiwi. Kaunsili nyingi zilishaacha zamani kuajiri makea wao wenyewe, zinatoa tenda kwa ejensi, na kwenye tenda unajua mambo yalivyo, aliyetaja bei ndogo ana nafasi kubwa.

Sasa hiyo 20 na kitu isikufanye uone bosi anaondoka na saba nzima mfukoni. Humo ndani kuna likizo yako, pensheni, bima ya taifa ambayo tangu Aprili 2025 mwajiri anakatwa asilimia 15 badala ya 13.8, kuna mafunzo, ofisi, glovu na kadhalika. Chama cha watoa huduma za majumbani, Homecare Association, kilipiga hesabu ya mwaka 2025-26 kikasema England bei ya chini kabisa inayotosha mshahara wa kisheria na gharama zote ni paundi 32.14 kwa saa, na kaunsili nyingi zinalipa chini ya hapo. Wanyonyaji wapo na wala siwatetei, lakini tenda ikianza chini namna hiyo lazima kuna mtu ataumia, na anayeumia ni kea kwa sababu kuna muda wake ambao ni rahisi kuukata bila mtu kuona, nao ni muda wa barabarani.

Angalia siku yako. Unaingia kwa bibi, unaskani ile code ya kwenye faili, dakika zinaanza kuhesabiwa, umuogeshe, umbadilishe pedi, dawa, chai na tosti, uandike ripoti, yote hayo ndani ya nusu saa, unaskani tena unatoka na malipo yanasimama pale pale. Zile dakika 20 za kusubiri basi na kwenda kwa mzee wa pili ejensi nyingi hazizilipi, zinasema kaunsili inalipa dakika za ndani tu.

Sheria haisemi hivyo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi ukipiga hesabu ya kima cha chini. Kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza hauhesabiwi, wala wa kurudi jioni, wala ukipata gepu kubwa ukaenda kulala kwako. Tuseme umelipwa saa 5 kwa paundi 13, hiyo ni 65. Ukiongeza saa moja na nusu ya kuzunguka kati ya wateja, umefanya saa 6 na nusu, gawanya, inakuja paundi 10 kwa saa! Kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi ni 12.71 kuanzia Aprili 2026, kabla ya hapo kilikuwa 12.21. Na kama petroli ya kuzungukia kwa wateja unajinunulia na hurudishiwi, nayo inatolewa humo. Mwaka 2020 makea kumi waliokuwa wanahudumia wazee wa Haringey, London, walishinda kesi ya namna hii hii wakisaidiwa na chama cha wafanyakazi cha UNISON, wakalipwa zaidi ya paundi 100,000 kwa pamoja.

Kuhusu kaunsili kukulipa moja kwa moja, ikikuajiri yenyewe inaweza, la sivyo mkono wake uko kwenye mkataba wake na ejensi. Zipo kaunsili kama Southwark na Islington zilizosaini mkataba wa UNISON wa 2012 unaotaka muda wa safari ulipwe. Scotland nako serikali inatenga hela kabisa ya mishahara ya kea, kwa mwaka 2025-26 ilitaka asilipwe mtu chini ya 12.60. Serikali kuu ya Westminster nayo imeahidi paundi milioni 500 za makubaliano ya mishahara ya sekta hii, ila mpaka 2028, na mi naona ni mbali mno kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba mwezi huu.

Kwa hiyo anza leo kuandika muda uliofika na uliotoka kila nyumba, piga picha rota (ratiba ya zamu) kabla hawajaibadilisha, tunza slipu zote za mshahara. Wapigie Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri ni bure, na HMRC, mamlaka ya kodi inayosimamia kima cha chini, unaweza kuwapa taarifa bila jina lako kufika kwa mwajiri. Pia mtu yeyote anaruhusiwa kuiandikia kaunsili iseme inalipa ejensi shilingi ngapi kwa saa, wanatakiwa wajibu ndani ya siku 20 za kazi, hata huyo mtoto wa mzee anaweza kuandika wewe usitokee popote. Hiyo barua mpelekee na diwani wenu.

Na viza: kuleta makea wapya kutoka nje kulifungwa tarehe 22 Julai 2025, lakini wewe uliye ndani unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini viza, na kwa England mwajiri anatakiwa kwanza awatazame makea walioko nchini wanaohitaji mdhamini mpya kabla ya kumchukua mtu anayehamia kutoka viza ya aina nyingine. Tafuta kimya kimya, usiache kazi kabla hujapata pengine.

Swali: Anti, kaunsili inaweza kunilipa mimi nimtunze mama yangu?
*Binti wa Reading*

Jibu: Kama mnakaa nyumba moja kwa kawaida hapana, labda kaunsili ikubali kuna sababu maalumu. Kama unakaa kwako, mama aombe direct payment, yaani apewe hela mwenyewe aajiri, na anaweza kukuajiri wewe. Ila akishakuajiri anakuwa bosi, kwa hiyo bima na kima cha chini vinamhusu, aombe kaunsili imsaidie hizo karatasi.