Kumtafuta mzee wa Kijerumani katika madaftari ya kanisa: tafuta usharika kwanza, jina la ukoo baadaye

Mwenzetu ameuliza namna ya kumtafuta babu wa baba yake, Mjerumani ambaye nyumbani kwao ameacha jina la ukoo na picha moja tu, na kama jina hilo linatosha kutafutia kwenye intaneti. Nami nilimtafuta baba wa bibi yangu mzaa mama, fundi mwashi aliyefika Tanga wakati wa ujenzi wa reli ya Usambara, kwa hiyo najibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Jina la ukoo peke yake halitoshi. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia, nchi kubwa kuliko zote ndani ya dola ya Ujerumani, Oktoba 1874 na kuenea katika dola nzima ya Ujerumani Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu kubwa ya nchi, kazi hiyo ilikuwa ya mchungaji au padre, na kila mmoja aliandika watu wa usharika wake katika daftari lake. Usipoujua usharika hujui ufungue daftari lipi, hata kama jina unalo kwa herufi zake zote.

Kwa hiyo igeuze hiyo picha. Wapiga picha wa zamani walikuwa na desturi ya kuchapa jina la studio na la mji kwenye kadi iliyobeba picha. Waulize pia wazee kama kuna cheti cha kipaimara, maana Walutheri wa Kijerumani walikipokea wakiwa na umri wa miaka kama 14 na wengi walikitunza maisha yao yote. Kwetu kilikuwa ndani ya Biblia, kikitaja kijiji cha Westphalia, jimbo la Prussia, upande wa mji wa Minden. Kijiji kidogo kinaweza kuwa hakina kanisa lake, na majina kama Neuenkirchen yanarudiwa mahali pengi, hivyo niliangalia kwanza orodha ya mahali ya Meyers ya mwaka 1912, ambayo inapatikana bure mtandaoni na inaonyesha kila kijiji kiko wilaya gani na kama kina kanisa.

Ukishaujua usharika, madaftari mengi ya Waprotestanti yamo katika tovuti ya Archion, ambako utalipia, na mengi ya Wakatoliki yamo katika tovuti ya Matricula, ambako hulipi. Jiandae kwa mwandiko. Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani, una herufi e inayofanana na n, na u inayotambulika kwa kialama kilichopinda juu yake. Wakatoliki waliandika sana kwa Kilatini, na utakapoona 7ber ujue ni Septemba, si Julai, kwa kuwa saba kwa Kilatini ni septem. Mimi nilianza na majina ya watu, kwa kuwa waandishi wengi waliyaandika kwa herufi za Kilatini zinazosomeka, kisha nikajifunza maneno yanayojirudia kila mstari.

Jambo lililonishughulisha kuliko yote ni jina lenyewe. Katika nchi hiyo ya Minden na Ravensberg, hadi karne ya 19, shamba lilikuwa na jina lake, na mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba aliacha jina la baba yake akachukua la shamba, na watoto wakaitwa hivyo hivyo. Babu wa fundi wetu hakuonekana kabisa kati ya waliobatizwa kwa jina tulilolirithi, ingawa ndoa yake na watoto wake wote wamo. Jibu lilikuwa katika mstari wa ndoa, ambapo majina mawili yametenganishwa na kifupisho "gen." (genannt, yaani "aitwaye"), la kwanza likiwa la kuzaliwa na la pili la shamba la mkewe. Jina ambalo familia yetu imelibeba hadi leo limetoka kwa mwanamke, na nilifurahi sana kulijua hilo. Nilipotafuta kwa jina hilo la kuzaliwa, ubatizo wake ulipatikana katika usharika wa jirani.

Msiwapite wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi walikuwa ndugu wa wazazi, na mtoto alipewa jina la mmoja wao; mimi niliutambua ubatizo sahihi, kati ya watoto wawili wenye jina moja, kwa sababu msimamizi alikuwa mama mkubwa ambaye nilikuwa nimeshamwona katika mstari wa ndoa.

Ikiwa daftari limeungua au kurasa zimeoza, usikate tamaa mapema. Sheria ya Prussia iliwataka wachungaji kupeleka nakala ya pili mahakamani, na kwa upande huo wa Westphalia nakala za mwaka 1815 hadi 1874 zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya Detmold. Madaftari ya kabla ya 1648 ndiyo adimu, kwani vita vya miaka thelathini, vya 1618 hadi 1648, viliteketeza mengi.

Na kama picha haina maandishi wala hakuna cheti, nenda kwenye usharika ambako mtoto wake wa huku alibatizwa, uombe kuuona mstari wa ubatizo wenyewe badala ya cheti kilichonakiliwa baadaye, kwa sababu mchungaji wa misheni huenda aliandika pale alikotoka baba, na mwenye kunakili akaona halina haja.