Raita inasoma lakini haichomi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga video za harusi na vipaimara hapa Moshi. Nimenunua DVD raita ya nje, ile ya kuchomeka USB. Kompyuta ya mezani inaitambua na inasoma DVD vizuri, ila nikichoma inakwama katikati. Chache zinazofika mwisho zinacheza kwenye kompyuta, deki ya mteja inazikataa. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usikimbilie kuirudisha dukani, maana hapo una matatizo mawili tofauti.

La kukwama ninalihisi ni umeme. Raita hizo nyembamba hazina adapta, zinaishi kwa volti 5 za USB. Poti ya USB 2.0 imepangiwa miliampia 500. Kusoma kunatosheka na hizo. Kuchoma kunataka zaidi, kwa sababu leza inaongezewa nguvu huku mota inakimbia. Achana na poti za mbele na habu (kile kigawanya poti), chomeka nyuma ya kasha, moja kwa moja kwenye bodi kuu. Kama kuna poti ya USB 3.0 tumia hiyo, inatoa hadi 900. Kama hakuna, tafuta waya wa USB wenye vichwa viwili, uvute umeme wa poti mbili. Na video ihamishie kwanza kwenye diski ya kompyuta, usichome kutoka kwenye flashi.

Sasa ijaribu. Nunua DVD-RW moja, hiyo unafuta na kurudia, usiunguze diski za kazi. Wengi wanajaribu kwa kifaili kidogo, kikikubali wanasema mashine nzima. Jaribio hilo halina maana! DVD huchomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko diski duni zinakojulikana. Ijaze hadi karibu GB 4.3 (ile 4.7 ya kwenye kava Windows inaihesabu kama 4.38), kisha iache programu ihakiki ilichoandika. ImgBurn ni ya bure na inafanya hivyo. Ukirudi kwenye DVD-R, ile ya kuchomwa mara moja tu, chukua iliyokwama uigeuze kwenye mwanga: utaona duara la rangi tofauti linaloishia pale kazi ilipokatika. Kila diski ikiishia mahali pake, rudi kwenye umeme. Zote zikiishia ukingoni palepale, badilisha aina ya diski na upunguze kasi hadi 4x.

Deki je? Windows inapokuuliza diski utaitumiaje, ukichagua ile ya kufanana na flashi, deki nyingi hazitaisoma. Lakini hata ukichagua nyingine, MP4 inabaki MP4. Deki ya zamani inataka DVD ya video yenyewe: folda ya VIDEO_TS, picha ya MPEG-2, na kwetu mfumo wa TV ni PAL. DVDStyler, nayo ya bure, itakutengenezea. Hakikisha programu imeifunga diski mwishoni (finalize), na kwa deki zilizozeeka chagua DVD-R kuliko DVD+R.

Kama baada ya yote hayo inakwama hata kwenye kompyuta ya mwenzako, basi ni mbovu kweli. Irudishe pamoja na zile diski zilizokwama na risiti, kabla waranti haijaisha.