Kinanda cha vitufe 61 chatosha?
Dadangu, umeuliza kama kinanda cha vitufe 61 chamtosha binti yako wa miaka 8 hapo Malindi. Kwa kuanzia chatosha. Piano kamili ina vitufe 88, lakini mwanafunzi mchanga hafiki huko kote. Tatizo ni wepesi wa vitufe vyake, vidole havipati nguvu. Ukijaliwa, tafuta piano ya umeme yenye vitufe vizito. Ya nyuzi, wallahi, karibu na bahari ni mateso: chumvi yala nyuzi, unyevu wavimbisha mbao, sauti yapotoka kila mara.

Mwanangu hukaa kufanya mazoezi baada ya alasiri, dakika 20 tu. Mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, polepole mno, ndipo yote miwili. Akikosea hurudia kipande kilekile, si wimbo mzima. Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ingoje mpaka asome noti bila kubabaika.